Glasi ya maji upande wa kushoto: miezi minne ya shangazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee

Nimesimamia usafi wa vyumba hotelini kwa miaka 19, kwa hiyo nikiingia mahali penye vitanda vingi sihangaiki na maua ya mapokezi. Natazama pembe za shuka, chini ya sinki, na namna mkokoteni wa usafi ulivyoachwa koridoni. Nayasema haya mapema ili ujue unasoma maoni ya mtu wa aina gani. Uuguzi sikuusomea. Kidogo ninachokijua nimekijua kwa kulazimika, tangu shangazi yangu apate kiharusi.

Kiharusi chake kilipiga upande wa kulia wa ubongo, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Hilo tulilitegemea. Hatukutegemea kwamba kushoto kwenyewe kungetoweka. Macho yake ni mazima, ila ubongo umeacha kuushughulikia upande ule. Anakula nusu ya kulia ya sahani, kisha analalamika kwamba amepimiwa kidogo; ukiizungusha sahani anauliza hicho kingine kimetoka wapi. Anachana nywele nusu kichwa. Ukimwamkia ukiwa kushoto kwake, anaitikia huku akikutafuta kulia. Daktari alituambia hali hii ni ya kawaida kwa kiharusi cha upande huo, na kwamba kwa wengi hupungua wiki zikisonga. Kwa shangazi imepungua, haijaisha.

Nyumbani tulijitahidi miezi mitano. Akaanguka usiku mara mbili, mara ya pili akabaki sakafuni mpaka alfajiri kwa sababu hakutaka kutuamsha. Ni yeye mwenyewe aliyelianzisha: "Mwanangu, nitafutieni mahali ambapo wa kuninyanyua analipwa kukesha."

Tulitembelea nyumba tatu. Ya kwanza niliikataa kwa sababu ya harufu, na si ya mkojo. Penye wazee wasioweza kujizuia, harufu ya mkojo ya dakika tano ni jambo la kawaida, mtu atabadilishwa na itaisha. Pale kulinukia manukato mazito saa nne asubuhi, koridoni kote. Hotelini tunapulizia hivyo chumba ambacho zulia lake tumeshindwa kuliosha. Ya pili walituonyesha chumba kizuri sana ambacho hakikuwa na mtu. Nilipoomba kuona chenye mtu, kwa ridhaa ya mwenyewe, nikaambiwa utaratibu hauruhusu. Chumba cha maonyesho nakijua, nimeshaandaa vingi.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua, na ndiyo ninayoitolea maoni. Jina silitaji kwa sababu shangazi bado yumo.

Ina pande mbili. Upande mmoja ni wa wanaojimudu, wanaohitaji kukumbushwa dawa, kusaidiwa kuoga, kufuliwa. Wa pili ni wa uuguzi, wenye muuguzi wa zamu saa zote. Ili kujua uwekwe wapi wanakupima kwa mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kujizuia haja, na kula. Orodha hii ni ya zamani, ilitolewa mwaka 1963 na daktari Mmarekani, Sidney Katz, na hadi leo inatumika sehemu nyingi. Nilimpenda muuguzi aliyempima shangazi kwa sababu maswali alimuuliza shangazi, si mimi niliyesimama pembeni na mkoba. Katika sita alipata mawili, kujizuia haja na kula. Akapelekwa upande wa uuguzi.

Kula, akaandikiwa "anajiweza". Ni kweli, anajiweza nusu sahani.

Siku ya tano nilifika saa sita mchana. Glasi ya maji ilikuwa kwenye kimeza cha pembeni, imejaa. Maji yake hutiwa unga maalumu wa kuyafanya mazito ili yasimpalie, kwa kuwa koo nalo halijapona sawasawa, na maji yakipotea njia yanaweza kumletea nimonia. Nilitoka kwenda kusaini karatasi ofisini, nikapitia dukani, nikarudi saa kumi. Glasi ile ile, kimo kile kile, utando mwembamba umeshaanza kushika juu. Midomo ya shangazi ilikuwa imekauka, inapasuka. Nikamuuliza mhudumu kwa upole, akanifungulia daftari. Saa nne: amekataa maji. Saa saba: amekataa maji. Saa tisa: amekataa maji.

Kimeza kilikuwa kushoto kwake.

Niliichukua glasi, nikaipitisha polepole mbele ya kifua chake kuelekea kulia. Ilipofika katikati ya kifua hakuna kilichotokea. Ikasogea kidogo tena, mara macho yakaidaka. "Ah, mmeleta maji," akasema, akanywa yote kwa kijiko, akaomba mengine. Yule mhudumu, binti mdogo tu, alisimama amejishika kiuno. Sidhani alikuwa mvivu. Maji aliyaleta kweli, mara tatu, na mara tatu alimuuliza mtu asiyejua kwamba anaulizwa, kwa sababu naye alisimama kushoto, mlango ulikokuwa. Kamba ya kengele nayo ilining'inia huko huko. Siku tano shangazi alikuwa na kengele kama mimi nilivyo na helikopta.

Hapo ndipo kazi yangu ya hotelini iliponisaidia. Taulo lililo stoo halimkaushi mgeni. Kwenye nyumba hii vitu vipo: maji, kengele, godoro la hewa, ratiba, muuguzi. Tangu siku ile kila nikienda naangalia kimoja tu, kimefika kwake au kimeishia karibu yake.

Nilipolalamika, walifanya jambo ambalo kwangu lina thamani ya nyota nzima. Hawakuniita mkorofi. Mtaalamu wao wa mazoezi ya viungo alikuja kesho yake asubuhi, akakigeuza kitanda ili mlango, kimeza na kengele viwe kulia, akabandika karatasi ukutani: MAJI NA KENGELE KULIA. Halafu akanigeuza na mimi. Alisema vya lazima vikae kulia, lakini sisi ndugu tukija kupiga soga tukae kushoto, tumshike mkono wa kushoto, tumwite mpaka ageuke mwenyewe, maana ubongo nao unahitaji sababu ya kurudi upande ule. Sasa nikifika naanza na salamu ya kushoto na kungoja. Mwanzoni nilingoja sana. Siku hizi anageuka akiwa tayari ananisema: "Umechelewa, mwanangu."

Huyu jamaa wa mazoezi ndiye mtu bora pale ndani. Yupo siku tatu kwa wiki, na siku nne zilizobaki zinaonekana kwenye mguu wa shangazi.

Sasa vidonda vya kitandani. Mtu asiyejigeuza hutakiwa kugeuzwa, na desturi ya wauguzi ni kila baada ya saa mbili au zaidi kidogo, kwa kadiri ya godoro na hali ya ngozi. Mlangoni kuna karatasi yenye saa na nafasi ya saini. Alasiri moja, saa tisa, niliisoma nikiwa sina la kufanya. Saa kumi na mbili jioni ilikuwa imeshasainiwa. Saa mbili usiku pia. Kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, mkono uliokuwa na haraka. Nilicheka, kisha nikaacha. Nimewahi kuwafukuza watu wawili kazi kwa kusaini karatasi ya choo kabla ya kukisafisha, na choo hakitoki vidonda.

Sikupiga kelele. Nilimwomba muuguzi wa zamu tumgeuze pamoja, tuangalie kiuno na visigino. Wakati ule aliniambia kitu ambacho kila mwenye mgonjwa wa kulala angekijua: ngozi ikiwa nyekundu, ibonyeze kwa kidole, ikibaki nyekundu bila kupauka, kidonda kimeshaanza ijapokuwa hapajachubuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha, kwa hiyo unapapasa, unatafuta penye joto au pagumu kuliko jirani yake. Kisigino cha kushoto kilikuwa na joto. Wakakiinua juu ya mto kisiguse godoro, na kwa siku chache kikatulia. Karatasi za mlangoni zilibadilishwa, sasa kila saini ina saa halisi. Mhudumu aliyesaini hadi usiku sijui alifanywa nini, na sikuuliza.

Jambo la maji ya moto liliwashangaza. Niliomba kuona kipimajoto cha bafuni. Sisi wa hoteli tunaujua ugonjwa wa mapafu uitwao Legionnaires, ulioibuka Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, kwenye mkutano wa maaskari wastaafu hotelini, uliotokana na bakteria wanaopenda maji ya uvuguvugu kwenye mabomba na mitambo ya kupoza hewa. Ndiyo maana tangi la maji ya moto linawekwa kwenye nyuzi 60 hivi. Nyuzi 60 hizo hizo zikimfikia mzee aliyekufa ganzi mguu, zinamuunguza kwa sekunde chache. Kwa hiyo lazima yachanganywe kabla ya kutoka, maji ya kuogea yasizidi nyuzi 43 au 44. Fundi wao alinionyesha vali za kuchanganyia na daftari la vipimo, na ukurasa wake ulikuwa na madoa ya maji na makosa yaliyokatwa, yaani daftari linalotumika kweli. Nyota kwa fundi. Kwa nini muuguzi haombwi daftari lenye madoa, sielewi.

Nilichopima kwa saa yangu ni kengele. Mchana wanaitika ndani ya dakika tatu, nne. Nilikwenda pia saa nne usiku, bila kupiga simu kwanza, kwa kisingizio cha chaja niliyoisahau. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na saa nne usiku sikuwa mgeni wa kumponya yeyote. Mzee wa chumba cha pili alipiga kengele. Dakika 22. Wahudumu walikuwa wawili kwa wazee 31, mmoja akiwa ndani ya chumba anambadilisha mtu, na kazi ile huwezi kuiacha katikati. Kijana aliyekuja hatimaye alikuja mbio, jasho linamtoka, akaomba radhi kabla ya kuvuka kizingiti. Akawasha taa ndogo, si ile kubwa ya darini, akachuchumaa ili uso wake uwe usawa wa uso wa mzee, ndipo akauliza shida. Hakuna aliyemwona isipokuwa mimi niliyekuwa gizani na chaja yangu. Kosa la dakika 22 si lake, ni la mwenye kupanga zamu.

Kuhusu dawa, niliuliza swali moja ambalo muuguzi mkuu hakulipenda: wazee wangapi hapa wanapewa dawa za kuwatuliza, na nani huzipitia upya? Wenye ugonjwa wa kusahau wengi hutaharuki jua likizama, wanataka kwenda nyumbani, wanatembea huku na huku. Ni rahisi kuwapa kidonge. Lakini tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo zito kwamba dawa za magonjwa ya akili wanazopewa wazee wa namna hiyo huongeza vifo. Alinijibu kwamba daktari huzipitia kila baada ya miezi mitatu. Jibu lilitoka haraka na lilikuwa na tarehe, nikaridhika kwa siku hiyo. Jioni moja nilimwona mama mmoja anatembea koridoni na mkoba wake, "anaenda nyumbani", na mhudumu anatembea naye bega kwa bega akimuuliza habari za nyumbani kwake. Walizunguka mara sita. Hakuna kidonge kilichotolewa.

Mkataba usomeni wenyewe, nyote, mezani. Wetu una kifungu kinachosema mzee akilazwa hospitali ada inaendelea ili kitanda kibaki chake, na kingine kinachowaruhusu kumhamishia daraja la huduma la juu zaidi kwa "tathmini ya ndani". Cha kwanza nilikikubali. Cha pili niliomba kiongezwe maneno "mbele ya ndugu mmoja", nikakubaliwa bila ubishi. Ningeweza kuomba zaidi, sikujua.

Kwa jumla nawapa nyota tatu na nusu. Mchana ni nne. Usiku ni mbili, na hizo mbili ni za kijana yule wa taa ndogo. Nimeandika barua nikitaka mhudumu wa tatu usiku. Wiki tatu zimepita, nimejibiwa kwamba barua imepokelewa. Shangazi hataki kuhamishwa. Anasema jirani yake wa kulia ndiyo kwanza anaanza kumsimulia habari za waume zake, na wamefika kwa wa pili.