Makumbusho ya pikipiki za Kiingereza: nilikwenda kutazama, nikarudi nachechemea

Mara ya kwanza nilikuta geti limefungwa. Karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, mwandiko wa mkono, ilisema leo hatufungui kwa kuwa wenye zamu wawili wanaumwa. Tulikuwa tumepanda mabasi mawili kufika pale, na mvua ilikuwa ile ya Uingereza isiyokolea wala kukata. Kwa hiyo kabla sijasema lolote kuhusu kilichomo ndani: piga simu kwanza. Ratiba yao inasema Alhamisi na Jumapili, ila inategemea watu wanaojitolea, wengi wameshavuka miaka 70, na mtu wa umri huo mambo ya hospitali hayamwishi.

Jina la mahali nalificha makusudi, maana nina malalamiko mawili matatu na wale wazee sitaki wasemwe. Ni pembezoni mwa mji mmoja wa Midlands, katikati ya Uingereza, ndani ya jengo lililokuwa ghala, pikipiki kama tisini hivi, zote za Kiingereza. Usiyachanganye na National Motorcycle Museum iliyo karibu na Solihull, ile kubwa iliyofunguliwa mwaka 1984 na ikaungua Septemba 2003, mamia ya pikipiki yakateketea au kuharibika, halafu ikajengwa upya. Ile ni taasisi kamili yenye kumbi za mikutano. Hapa ninapopasema hakuna hata mtu mmoja anayelipwa mshahara.

Mimi ni fundi pikipiki. Miaka kumi na moja nilikuwa na gereji Msamvu, Morogoro, nikifungua Boxer, TVS na zile za Kichina ambazo jina la kwenye tangi na jina la kwenye injini havijuani. Huku nilipo sasa napanga maboksi kwenye ghala, na siku ya mapumziko huwa nanuna tu ndani. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyechoka kuniona hivyo akasema twende. Tukarudi Jumapili iliyofuata.

Kiingilio paundi 7. Mashine ya kadi imekufa, wanapokea taslimu tu, na mashine ya kutolea pesa iko kituo cha mafuta dakika kumi kwa miguu. Shemeji ndiye aliyetembea. Beba noti.

Ukiingia, pua ndiyo inayokaribishwa kwanza. Oili iliyochoka, petroli, mpira wa tairi lililokaa muda mrefu. Nilisimama pale mlangoni kama mtu aliyeingia jikoni kwa mama yake. Halafu macho yakashuka chini: kila pikipiki imewekewa kitu tumboni. Sufuria, treya ya kuokea keki, kopo la biskuti lililokatwa.

“Shemeji,” akasema mwenzangu, “mbona zote zimewekewa bakuli kama wagonjwa?”

Tukacheka kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa mahali pa namna ile. Mzee mmoja aliyevaa ovaroli ya bluu akatusogelea kutaka kujua tunacheka nini. Kwa Kiingereza hakuna shikamoo, nikaishia kuinamisha kichwa. Nikamwambia. Akajibu kwamba pikipiki ya Kiingereza isipovuja, angalia vizuri, huenda oili imekwisha. Utani huo ni wa zamani, nimewahi kuusikia kwa mafundi wa Land Rover, lakini nikambana: mimi fundi, nipe sababu. Akapiga magoti, na magoti yake yakalia, akanionyesha kwa kidole.

Kasha la injini limepasuliwa wima, kama papai, nusu kushoto nusu kulia. Kwa hiyo mshono wake unapita chini kabisa, pale pale oili inapochuruzikia. Gasketi ikichoka kidogo tu, tone linapata njia. Wajapani, kwenye injini zao kubwa za silinda nyingi, walipasua mlalo, mshono ukakaa juu ya oili, hata ukilegea hakuna cha kudondoka. Nimefungua injini maisha yangu yote na sijawahi kukaa nikalifikiria hilo.

Hapo ndipo nilipojua paundi 7 zangu hazikupotea. Vibao vilivyopo ni vidogo, vimechapwa kwa mashine ya zamani, vingine vimefifia. Ukivitegemea hivyo utatoka na mwaka na cc tu. Watu ndio maelezo yenyewe. Uliza. Ukikaa kimya wanadhani umekuja kujikinga mvua.

Upande wa kushoto ni BSA tupu. Nilipoiona ile nembo ya bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana, nilirudi utotoni bila kuaga. Babu yangu alikuwa na baiskeli yenye bunduki hizo hizo kwenye shingo, na sproketi yake kubwa ilikuwa imechongwa herufi BSA, ukikanyaga pedeli zinazunguka. Sisi watoto tuliamini ilikuwa baiskeli ya jeshi. Hatukukosea sana: BSA ni kiwanda cha silaha cha Birmingham kilichoanzishwa mwaka 1861, baiskeli na pikipiki vilifuata baadaye. Wakati wa Vita vya Pili kilitengeneza zaidi ya pikipiki 120,000 aina ya M20 kwa ajili ya jeshi, na usiku wa 19 Novemba 1940 bomu la Wajerumani liliangukia kiwanda cha Small Heath likaua wafanyakazi 53. Mzee alisema hilo bila kubadili sauti, huku anafuta vumbi kwenye tangi.

Kilichomfurahisha shemeji, ambaye pikipiki kwake ni kupanda na kushuka, ni BSA Bantam. Ndogo, nyekundu, ya kupelekea telegramu za posta. Ilitoka mwaka 1948, cc 123, na si wazo lao hata kidogo: ni DKW RT125 ya Wajerumani, iliyochukuliwa kama fidia ya vita. Waliipindua kama kwenye kioo ili gia ikae mguu wa kulia walivyozoea wao. Mchoro huo huo Warusi wakauchukua, Harley-Davidson wakauchukua, na Yamaha nao pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, ilitoka humo humo.

“Kumbe na wakubwa walidesa,” shemeji akasema.

Niliichukua hiyo, nitaitumia siku mtu wa Msamvu akinitukania mashine ya Kichina.

Vincent Black Shadow nayo ipo, imefungiwa kamba, na watu wamejazana wanapiga picha ile spidomita yake kubwa kama sahani inayofika maili 150. Ni nzuri, sikatai. Lakini kitu kilichofungiwa kamba hakinisemeshi, nikapita.

Nyuma kabisa, nusu ya ukumbi imezibwa kwa waya, ni gereji yao. Humo nilikaa karibu saa mbili. Kulikuwa na Norton iliyovuliwa nguo zote juu ya meza, na mama mmoja mzee anasafisha kabureta ya Amal kwa mswaki. Mzee wangu aliniomba nimpasie spana ya nati moja, nikatazama, jicho likaniambia namba 13. Haikuingia. Nikachukua 14, ikapwaya. Akanipa moja iliyoandikwa 1/4W, ikakaa kama kidole na kucha. Kumbe ni vipimo vya Whitworth, vya mwaka 1841, na namba iliyoandikwa kwenye spana si upana wa kichwa cha nati, ni unene wa bolti inayopita ndani yake. Yaani unashika spana iliyoandikwa robo inchi na mdomo wake ni zaidi ya nusu inchi. Mtu wa kwanza kunieleza hivyo Morogoro ningemwambia akalale.

Mzee huyu alianza kazi Triumph, kampuni nyingine ya pikipiki za Kiingereza, kiwanda cha Meriden, akiwa kijana mdogo. Kiwanda kilihamia pale mwaka 1942 baada ya kile cha Coventry kupigwa mabomu. Kazi yake ilikuwa kufunga spoku. Alisimamisha gurudumu la Norton kwenye stendi, akalizungusha taratibu huku anagonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Ting, ting, ting, tok. Akarudi kwenye ile ya tok, akaikaza nusu mzunguko, akagonga tena. Ting. Nilicheka mwenyewe, kwa sababu ndivyo tunavyofanya na sisi, ndivyo alivyonifundisha fundi aliyenilea, kwa bisibisi, chini ya mwembe. Nikachukua spana nikagonga upande wa pili. Nilikuta mbili zimelegea. Mzee hakusema kitu, akanisogezea kigoda.

Akaanza kunisimulia. Septemba 1973 waliambiwa Meriden inafungwa. Wafanyakazi wakafunga geti wao wenyewe, pikipiki zikiwa ndani, wakalinda kwa zamu usiku na mchana, mwaka na zaidi. Mwaka 1975 serikali ikawakopesha wakawa ushirika, na kila mtu, kuanzia fagio mpaka ofisi, akalipwa mshahara sawa, paundi 50 kwa wiki. Nikamgeukia shemeji: na hawa walijaribu ujamaa! Mzee akauliza nimesema nini, nikamtafsiria, nikamweleza kidogo habari za Nyerere, akasikiliza kuliko nilivyotegemea. Swali lake lilikuwa moja: na nyie mlipata wapi vipuri? Nikakosa la kumjibu. Ushirika wao ulikufa mwaka 1983. Jina la Triumph likanunuliwa na John Bloor, mjenzi wa nyumba, na kiwanda cha sasa kiko Hinckley.

Anaowalaumu si Wajapani. Anasema Honda CB750 ilipoingia mwaka 1969, ina silinda nne, stata ya umeme na breki ya diski mbele, wao pale walikuwa wanashindana nayo kwa mashine ya kupiga kiki, yenye breki za ngoma, na mabosi wanasema wateja wataendelea kuipenda tu. Mimi naongeza langu: mteja hapendi kuvunjika mguu.

Nasema hivyo kwa ushahidi. Jumapili saa nane mchana huwa wanatoa pikipiki moja uani na kuiwasha. Usikose hiyo, panga siku yako izunguke saa nane. Siku yetu ilikuwa zamu ya M20 ya jeshi, silinda moja, cc 496. Mzee akaniuliza kama nataka kuijaribu. Fundi wa Msamvu akatae?

Kuiwasha ni kama kuchinja, kuna utaratibu. Fungua koki. Bonyeza kile kitufe kando ya kabureta mpaka petroli ikulowanishe kidole. Rudisha nyuma kikono cha cheche kilicho kwenye usukani. Binya kikono kingine kinachoinua valvu ya eksozi, usukume kiki taratibu pistoni ivuke kilele. Achia. Ndipo upige, kwa mguu mzima, siyo kwa kifundo. Nilifanya yote isipokuwa la cheche. Cheche ikawahi, pistoni ikarudi ilikotoka, na kiki ikanirudishia mguu mpaka gotini. Sikupiga kelele. Shemeji ndiye aliyepiga.

Mzee akarekebisha kile kikono bila kunitazama, ili nisiaibike, akapanda mwenyewe na miaka yake sabini na kitu. Mara moja. Duf, duf, duf, duf, polepole hivi kwamba unaweza kuzihesabu, na vioo vya madirisha vikitetemeka. Kwa mlio ule naelewa kwa nini waliotuachia Kiswahili waliamua kuiita pikipiki, ingawa hii ya mzee kwa kweli ilitaka jina zito zaidi.

Malalamiko yaliyobaki: choo kimoja tu, nacho kipo nje. Ndani hakuna joto, vaa kama unakwenda Makete mwezi wa Julai. Kwa mtoto mdogo hakuna cha kugusa, atachoka nusu saa. Chai paundi 1, unaweka mwenyewe kwenye kopo, keki ya limau ya yule mama wa kabureta ndiyo bora nimekula nchi hii.

Nimewapa nyota nne. Ile ya tano ni ya Jumapili ya geti.

Tulipokuwa tunaaga, mzee alinipa fomu ya kujitolea. Anasema walikuwa kumi na wanane, sasa wamebaki kumi na mmoja, na spoku hakuna kijana anayetaka kujifunza. Nimeijaza jana usiku, mguu nimeuweka kwenye ndoo ya maji ya moto. Kuna mahali wanauliza umewahi kufanya kazi na mashine zipi za Kiingereza. Nimeandika: BSA moja, ya babu, baiskeli.