Jeshi la Marekani: kunyamaza au kujulikana?

Nalinganisha taratibu mbili za jeshi la Marekani kwa wanajeshi wanaopenda wa jinsia yao. Utaratibu wa kwanza, wa enzi ya Rais Bill Clinton mwaka 1993, ulikuwa hivi: usiulize, usiseme. Mwanajeshi anayependa wa jinsia yake alibaki kazini ilimradi afiche. Waliouona kama nafuu walisahau gharama ya kuficha: picha ya mpenzi haibandikwi kabatini, na akisimulia likizo yake kwa Kiingereza inabidi amgeuze mwanamume kuwa mwanamke. (Kiswahili kingemsitiri, neno letu "yeye" halina jinsia.) Zaidi ya 13,000 waliondolewa jeshini, wakiwemo wataalamu wa Kiarabu, tena vita vya Iraki vikiwa vimepamba moto.

Wa pili, kutumikia waziwazi, ulianza 20 Septemba 2011. Wapinzani walihofia mshikamano: watu wanaolala bweni moja na kuoga pamoja wataaminianaje? Hoja hiyo siipuuzi, maana vitani kuaminiana ni uhai. Lakini kwangu mimi, anayeficha ndiye mgumu kuaminiwa, na ndiye rahisi kutishwa na yeyote aliyeinasa siri yake. Uingereza ilishaondoa marufuku yake kwa wanajeshi kama hao Januari 2000, baada ya kushindwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na vikosi vyake havikusambaratika.