Gemu za kugundua: kabla hujalipa, uliza nani alicheza kabla yako

Mwezi uliopita nilinunua akaunti ya kugawana, yaani akaunti moja yenye gemu ndani inayotumiwa na wateja wengi, kwa shilingi 20,000 kwenye duka moja la gemu hapa Kampala. Kijana wa dukani akaniapia: "Dada, ni kama mpya." Nikafika nyumbani, nikamimina chai, nikafungua Return of the Obra Dinn na kubonyeza kuendelea. Kitabu cha ndani ya gemu kikafunguka chenyewe: watu wote 60 wa meli wameshapewa majina, nani kaua nani, kwa kisu au kwa risasi, yote yamechapwa safi. Mimi hata sitaha sijaikanyaga.

Niliporudi dukani, jibu lilikuwa fupi: "Si ufute uanze upya?" Sevu, yaani kumbukumbu ya mchezaji alipofikia, inafutika, sawa. Kichwa changu nani atakifuta?

Kwa hiyo leo siongelei picha, sauti wala nguvu za laptopu. Nauliza moja tu: humo ndani kuna sevu ya nani? Kwenye gemu hizi hupandi kwa silaha bali kwa unachokijua, na ukishakijua, basi. Sevu nyingi hufuata akaunti hata ukihama kompyuta, kwa hiyo akaunti ya kugawana ni sahani iliyokwisha kulambwa. Ajabu ni kwamba diski iliyokwisha kutumika ya PlayStation 4 ni salama zaidi, maana sevu hubaki kwenye mashine. Ukinunua mashine iliyotumika, fungua jina jipya la mtumiaji kabla hujagusa kitu.

Ya kwanza kwangu bado ni hiyo hiyo Obra Dinn, ya 2018, na sioni haya kusema nampendelea mtengenezaji wake, Lucas Pope. Chochote atakachotoa nitanunua. Mwaka ni 1807, meli imerudi bila mtu hai, nawe ni mkaguzi wa bima unayetafuta kilichompata kila mmoja. Gemu haikuthibitishii jibu mpaka upatie watu watatu, kwa hiyo kubahatisha hakukufikishi mbali. Zaidi ya hapo sisemi.

Ya pili ni Outer Wilds ya 2019. Una chombo cha angani na sayari chache, na huuziwi nguvu yoyote. Umeme ukikatika katikati, kama kawaida yetu, ulichokigundua unacho kichwani. Usitazame hata video yake ya tangazo.

Ya tatu, Chants of Sennaar ya 2023, iliyotengenezwa Ufaransa. Unapanda mnara wenye watu wasioelewana, unakisia maana ya alama zao mpaka uweze kuwatafsiria. Sisi tunaoanza safari ya teksi kwa Kiluganda, tukagombana na kondakta kwa Kiswahili na kushuka kwa Kiingereza, gemu hii ni yetu. Tunic ya 2022 nayo ina kijitabu cha maelekezo chenye herufi za kubuni. Ni nzuri, ila mapigano yake yalinichosha.

Za bei nafuu: Her Story, kama sikio lako la Kiingereza ni zuri. Animal Well bei yake si nafuu kihivyo, lakini haifiki hata MB 100.

Na hapo kwenye MB ndipo moyo unaponiuma. Bei zenyewe ziko kwa dola, Obra Dinn ni kama dola 20, halafu tangu Julai 2021 kila bando la intaneti lina kodi ya asilimia 12. Muuzaji anayajua hayo, ndiyo maana anatuuzia makombo. Tena huku akifungasha anakumwagia mtama: "Mwisho wake utalia!" Nani kakuuliza?

Obra Dinn mwishowe nililipa bei kamili, nikampa mdogo wangu kule Bombo kwa akaunti yake mwenyewe. Jumamosi nilikaa nyuma yake nikimwangalia. Akaikodolea macho picha ya baharia mmoja, akahesabu kwa vidole, akaandika jina. Si lenyewe. Akanigeukia: "Dada, huyu ndiye, eti?" Nikachukua kanga, nikaenda kununua mandazi.