Tathmini ya Huduma ya Mawakili kwa Mzazi Anayehama Nchi na Mtoto Peke Yake

Niliiendea ofisi hii ya mawakili wa masuala ya familia nikitaka barua tu ya kuniwezesha kuhama nchi na binti yangu, ambaye baba yake aliondoka akiwa bado mchanga na hajulikani aliko. Barua hiyo hawakuiandika, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati.

Wakili alinieleza kwamba mzazi kutoonekana si sawa na mzazi kuridhia. Chini ya Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 kuhusu utekaji wa watoto kimataifa, mzazi mwenye haki ya ulezi anaweza kudai mtoto aliye chini ya miaka 16 arudishwe katika nchi aliyokuwa akiishi, na akidai kabla ya mwaka mmoja kupita, mahakama huwa na nafasi finyu ya kukataa. Ni kweli kwamba mkataba huo unampa aliyehama utetezi pale ambapo mwenzake hakuwa akiitumia haki yake, lakini mzigo wa kuthibitisha hivyo ni wa yule aliyehama. Kwa mzazi aliyelea peke yake miaka yote hiyo, jambo hili ni gumu kulimeza, na nilipenda kwamba wakili hakulipamba.

Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kukusanya ushahidi kwamba baba ametafutwa kwa nia njema. Waliagiza barua ya rejesta itumwe kwenye anwani yake ya mwisho, na iliporudi, bahasha ikahifadhiwa bila kufunguliwa, muhuri wa posta ukionekana wazi. Ujumbe wa simu usiojibiwa ulichapishwa pamoja na tarehe zake, na shangazi wa mtoto, dada wa baba huyo, akaapa kwamba hata ndugu hawana habari zake. Hati yangu ya kiapo ilijengwa juu ya vielelezo hivyo, ndipo mahakama ikaruhusu wito wa kumwita baba utangazwe gazetini na baadaye ikatoa amri ya kuniruhusu kuhama na mtoto, ikiwa na ruhusa ya mimi kuomba pasipoti ya mtoto bila sahihi ya pili.

Upungufu upo. Gharama za tangazo la gazeti na za tafsiri iliyothibitishwa hazikutajwa katika makadirio ya awali, na karani alichelewa mno kujibu simu. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyeniandaa kwa swali la hakimu kuhusu maoni ya mtoto mwenyewe, ilhali haki ya mtoto kusikilizwa imo katika kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Ofisi inayoshughulika na watoto kila siku haipaswi kulisahau hilo.

Baada ya amri kutolewa hawakunitupa. Waliishughulikia amri hiyo hadi ikapata cheti cha apostile, yaani uthibitisho kwamba hati ni halisi ili ikubalike katika nchi nyingine, na wakaangalia kama nchi niendayo imo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1996, ambao huwezesha amri za ulezi kutambuliwa katika nchi wanachama. Kwa mzazi aliye katika hali kama yangu naipendekeza ofisi hii, mradi adai mchanganuo wa gharama zote kwa maandishi kabla ya kutia sahihi.