OpenStreetMap jijini Nairobi: ramani iliyojazwa na waenda kwa miguu

Anayefungua OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyo mtandaoni, leo na kuisogeza hadi mtaa wa Kibera hukuta vichochoro vya Laini Saba na Gatwekera vimechorwa, reli ikikatiza eneo hilo, na alama za vyoo vya umma, vituo vya maji, zahanati na shule zikiwa zimetapakaa kila upande. Hadi mwaka 2009 sehemu hiyo ilikuwa karibu tupu kwenye ramani, licha ya wingi wa watu waliokuwa wakiishi humo. Vijana wa Kibera wenyewe ndio walioziba pengo hilo: chini ya mradi wa Map Kibera, walipita kijiji kwa kijiji wakiwa na vifaa vya GPS mkononi, na kwa maoni yangu hakuna sehemu ya ramani ya Nairobi inayostahili heshima kuliko hiyo.

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, wakati data za ramani za nchi hiyo zilikuwa ghali na matumizi yake yamefungwa kwa masharti. Yeyote anaweza kujisajili, akaongeza barabara au akasahihisha jina. Mwanzoni njia nyingi zilichorwa kwa kufuata nyayo za mtu aliyezipita na GPS. Kasi iliongezeka mwaka 2010, Bing, huduma ya Microsoft, iliporuhusu picha zake za angani zitumike kuchorea. Tangu hapo mtu aliye mbali sana anaweza kuchora mapaa ya Mathare bila kufika huko. Hata hivyo, picha ya angani haitaji jina la njia, wala haielezi kama duka lililo chini ya paa hilo lingali wazi. Ndiyo maana katika mitaa kadhaa ya Nairobi barabara na majengo yamekamilika ilhali majina ni haba, na huo ndio upungufu mkubwa ninaouona.

Mimi huitumia kupitia Organic Maps, programu ya bure isiyo na matangazo, ambayo hufanya kazi bila bando ukishapakua ramani ya Kenya. Kwa anayetembea kwa miguu naipa alama za juu, kwa sababu huonyesha vijia vinavyounganisha mtaa na mtaa. Dereva anayetaka kujua hali ya msongamano Thika Road jioni hatasaidika, kwani haina taarifa hizo. Vibanda na biashara ndogo pia hupitwa na wakati upesi.

Kinachonipa matumaini ni StreetComplete, programu ya simu za Android inayomwuliza mtu maswali mepesi akiwa papo hapo: je, barabara hii ni ya lami au ya murram, na je, ina taa usiku? Jibu lake huingia moja kwa moja kwenye ramani, bila yeye kujifunza kuchora chochote. Kwa mitaa yetu, ambako mistari tayari ipo na maelezo ndiyo yanayokosekana, sijaona chombo kinachofaa zaidi, na ningemshauri kila mkazi aanzie na njia ya kutoka nyumbani kwake hadi stejini. Asishangae tu asipoona mabadiliko hayo mara moja kwenye Organic Maps, kwa kuwa hujitokeza baada ya kupakua toleo jipya la ramani.