Vitabu vya Filamu, Maigizo, Muziki na Hadithi: Ukiwa Zanzibar Ununue Kipi Kwanza

Kila likikaribia tamasha la filamu la ZIFF pale Ngome Kongwe, au lile la muziki la Sauti za Busara mwezi wa pili, vijana wanaanza kuulizana jamani mie nataka kuandika filamu, nataka kuingia kwenye maigizo, ninunue kitabu gani, na wanachojibiwa mara nyingi ni majina ya Wamarekani tu. Vitabu hivyo ni vizuri na nitavitaja, lakini haviwi vya mwanzo. Kwa mtu wa hapa Unguja au Pemba kitabu cha kwanza kiwe kile unachoweza kukaa nacho barazani ukakisoma kwa sauti na wenzio wote wakakifahamu bila mtu kuwatafsiria, maana hii kazi yetu ni ya mdomo na masikio kabla haijawa ya kamera. Kwa hiyo nimepanga kwa kipimo hicho, sio kwa umaarufu.

Namba moja, na hapa sibabaiki hata kidogo, ni Wasifu wa Siti binti Saad cha Shaaban Robert, habari za maisha ya Siti, yule muimbaji wa taarab. Ni kidogo, siku moja unakimaliza, na bei yake haiumizi. Mtoto wa Fumba, jina la kuzaliwa Mtumwa, katoka kwa wafinyanzi, anatembeza vyungu mjini huku sauti yake ndo inayoita wateja, halafu 1928 anafika mpaka Bombay na wenzake kurikodi santuri za taarab kwa Kiswahili, na skuli hakusoma. Shaaban alimuwahi hai, alizungumza naye kabla hajafariki 1950, ndo maana kitabu kina pumzi ya mtu aliyekaa mbele ya anaemuandika. Ukiwa mtu wa filamu kisome mara mbili, mara ya pili uwe unaangalia tu kipi kakichagua katika umri mzima wa mtu na kipi kakipita haraka, hilo ni somo la skripti ambalo watu wanalilipia pesa nyingi. Ila ujue Shaaban anamsifu sana Siti, anamuandika kama mfano wa kuigwa, kwa hiyo ukiweza Kizungu kifuatishe na Pastimes and Politics cha Laura Fair, kilichotoka 2001, ambacho kimezungumza na wazee wa Ng'ambo, mitaa ya hapa mjini nje ya Mji Mkongwe, na kinazichambua nyimbo zake zile zilizokuwa zinasema kesi za mjini na wanyonge waliodhulumiwa, hapo ndo utafahamu kwa nini watu walimpenda vile, haikuwa sauti peke yake.

Namba mbili ni tamthilia, na hapa usinunue moja, nunua mbili tatu kwa sababu ni nyembamba. Anza na Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari mwenzetu. Kivuli Kinaishi (1990) kinakupeleka Giningi, ule mji wa wachawi wa kwenye hadithi, kwa mtawala wake Bi Kirembwe, na mtu aliyelelewa Pemba haambiwi Giningi ni wapi, alishatishwa nako tangu mdogo, sasa angalia mwandishi alivyoichukua hadithi ya kutishia watoto akaifanya habari ya utawala na watu waliopumbazwa. Amezidi (1995) ni Ame na Zidi wamo pangoni, na njaa zao, na matumaini yao ya kuletewa kutoka nje. Kikundi kisicho na pesa ya mapazia wala taa kinaweza kuicheza hata uwanja wa skuli, na mie naipendekeza kuliko zote kwa wanaoanza. Halafu Ebrahim Hussein, Kinjeketile ya 1969, ile ya vita vya Maji Maji, hiyo inataka watu wengi jukwaani na mkurugenzi anaejua kupanga kundi, kwa hiyo kama kikundi chenu ni watu wanne au watano tafuteni Mashetani yake kwanza. Angalizo la kununua: Kinjeketile ipo ya Kiswahili na ipo ya Kizungu aliyoifasiri mwenyewe Hussein, jina ni lile lile, mtu akikununulia Dar anaweza kukuletea ya Kizungu bila kujua, mwambie afungue ndani kabla hajalipa.

Namba tatu sio kitabu cha kufundisha ila kwangu kinafundisha kushinda vingi, Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, riwaya ya 1999, kwa sababu Amil Shivji kaifanya filamu na 2021 ikaonyeshwa Toronto, kwa hiyo una kitabu na una filamu, vyote vya Zanzibar ya miaka ya hamsini, Yasmin aliyeozwa kwa Raza, mtu mzima, na Denge na harakati zake za uhuru. Soma kwanza, usianze na filamu nakuomba. Ukishasoma andika kwenye daftari sehemu gani wewe ungezipiga picha na zipi ungeziacha, kisha ndo uangalie. Riwaya ni nene, ina watu wengi na mitaa mingi, filamu ikabidi ishike penzi na siasa na vingine viende, na hapo utajifunza kukata, maana wengi wetu tunaandika filamu ambayo haikatwi chochote na watazamaji wanachoka.

Hadithi za kale namba nne, na hii ni ya bure kabisa. Edward Steere alitoa Swahili Tales London 1870, hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar, upande mmoja Kiswahili upande wa pili Kizungu, na kwa umri wake huo unaipata kwenye intaneti bila kulipa, ukichapisha steshenari kurasa unazotaka basi gharama yako ni karatasi tu. Tahajia yake ya zamani itakusumbua kurasa za mwanzo halafu unazoea. Hadithi ya Sultani Darai na yule paa isome kwa sauti, utasikia msimulizi anavyorudia maneno ili msikilizaji asipotee, na kurudia huko wengi wanakufuta wakidhani ni makosa.

Taarab namba tano, na hapa pana tabu. Vitabu vya Kiswahili vipo, Taarab Zanzibar cha Mohamed Seif Khatib (1992) na Jukwaa la Taarab cha Issa Mgana (1991), lakini kuvipata ni bahati, ukikiona kimojawapo kwa muuza vitabu vya mtumba usiende nyumbani kufikiria, kichukue hapo hapo. Cha Janet Topp Fargion cha 2014 kimekwenda ndani sana, mpaka kidumbak, ile taarab ya mitaani ya ngoma ndogo, na vikundi vya wanawake, ila ni Kizungu cha chuo kikuu na bei yake ni ya maktaba, kwa hiyo changeni kikundi kizima mnunue kimoja. Inauma kwamba sie wenye kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa cha tangu 1905 tunalazimika kuagiza habari zetu Ulaya kwa dola.

Reel Pleasures, huyo huyo Laura Fair, 2018, ndo namba sita, habari za sinema zetu, enzi za jumba la sinema la Majestic pale Vuga, watu na filamu za Kihindi, Awara ya Raj Kapoor, maonyesho ya kuingia wanawake peke yao. Mwenye mpango wa kuonyesha filamu kwa biashara akisome huyu hasa, maana kinazungumza wenye majumba walivyokuwa wanafikiria watazamaji wao.

Sasa ndo tunafika kwa wageni. Making Movies cha Sidney Lumet (1995) ndo cha kwanza kwao, anaeleza kazi hatua kwa hatua kwa lugha nyepesi, na huyu ndie aliyefanya 12 Angry Men ya 1957 karibu yote ndani ya chumba kimoja, kwa hiyo anafahamu kubana matumizi. Wa jukwaani achukue The Empty Space cha Peter Brook (1968). Screenplay cha Syd Field na Story cha Robert McKee viwe vya mwisho, vinasaidia kupanga lakini ukianza navyo utaandika watu wa Los Angeles wenye majina ya Kiswahili.

Kwa kununua, hapa mjini maduka ya vitabu ni machache, vya skuli vipo vingi na tamthilia unaweza kuzikuta humo humo kwa sababu zinasomeshwa. Vilivyobaki agiza Dar, pale duka la vitabu la TPH Mtaa wa Samora waulizie, mtu akija na boti anakuletea, na wa Pemba mpeane zamu muagize pamoja. Mwambie akupigie picha jalada, ukurasa wa mchapishaji na ukurasa wa mwisho kabla hujatuma pesa, kwa sababu fotokopi zilizojaladiwa vizuri zinauzwa kama kitabu halisi na kwenye tamthilia zinazokosekana mara nyingi ni kurasa za onyesho la mwisho.