Tathmini ya myCBR kwa dawati la msaada wa TEHAMA

myCBR ni programu huria iliyotokana na kazi ya DFKI, kituo cha Ujerumani cha utafiti wa akili mnemba, na baadaye ikaendelezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha West London nchini Uingereza. Fundi anapoletewa tatizo jipya, programu hii humtafutia katika hazina ya visa, yaani kumbukumbu za matatizo yaliyokwisha kutatuliwa, matatizo ya zamani yanayofanana nalo, pamoja na namna yalivyotatuliwa. Nimeipima kwa mahitaji ya dawati la msaada wa TEHAMA, mahali ambapo hitilafu zilezile za printa, mtandao na barua pepe hurudi kila mwaka, na mara nyingi fundi aliyezijua dawa zake ameshahamishiwa kituo kingine.

Sehemu inayostahili sifa kubwa ni Workbench, yaani dirisha la kujengea mfumo, kwa sababu humwezesha fundi asiyejua kuandika programu kueleza mwenyewe nini kinafanana na nini, na kwa kiasi gani. Kila sifa ya kisa hupewa kipimo chake cha mfanano kati ya 0 na 1, kisha vipimo hivyo hujumlishwa kwa kufuata uzito wa kila sifa. Tuseme dalili imepewa uzito wa 5, aina ya kifaa 2 na jengo 1. Tatizo jipya likilingana na kisa cha zamani kwa 0.6 kwenye dalili, 0.8 kwenye kifaa na 0 kwenye jengo, mfanano wa jumla ni 0.575, na fundi anaweza kufuatilia tarakimu hiyo imetoka wapi. Aina za vifaa hupangwa kwa ngazi, hivyo printa mbili za leza huhesabiwa kuwa karibu zaidi kuliko ya leza na ya wino, bila mtu kulazimika kujaza kila jozi kwenye jedwali. Kwa sifa za tarakimu, mfanano unaweza kuwekwa usiwe sawa pande zote mbili: anayehitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 hana hasara akipewa ya GB 16, lakini ya GB 4 haimfai. Uwazi wa namna hii una thamani kubwa mno katika taasisi, maana fundi mkongwe akiona matokeo yasiyoingia akilini anajua pa kurekebisha.

Kuiunganisha na mifumo iliyopo si kazi ngumu kwa anayejua Java, lugha ya kuandikia programu. Visa vinaweza kuingizwa kutoka faili za CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu, na maktaba yake ya msimbo inaweza kutumiwa kutoka ndani ya programu nyingine ya ofisi. Ugumu uko kwenye kumbukumbu zenyewe. Daftari la maombi ya msaada katika ofisi nyingi limejaa maelezo kama “printa haitoi”, “mashine ya uhasibu tena” na, kwenye safu ya ufumbuzi, “imeshughulikiwa”. Maelezo hayo hayawi kisa mpaka mtu aketi na mafundi, wakubaliane orodha ya dalili, na waandike hatua iliyoondoa tatizo: programu inayoendesha printa (dereva) iliwekwa upya, au anwani ya mtandao ilikuwa imegongana na ya kifaa kingine. Anayepanga bajeti atenge muda mwingi zaidi hapa kuliko kwenye programu.

Mapungufu yanatokana na mipaka ambayo programu imejiwekea. Mwaka 1994 watafiti Agnar Aamodt na Enric Plaza walieleza kazi ya kutatua matatizo kwa visa vya zamani kama mzunguko wa hatua 4: kutafuta kisa, kukitumia upya, kukisahihisha na kukihifadhi. myCBR imejikita kwenye hatua ya kwanza, na zilizobaki taasisi hujijengea yenyewe. Utunzaji wa hazina nao ni hivyohivyo. HOMER, mfumo uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya dawati la msaada la kampuni ya magari ya DaimlerChrysler, ulionyesha utaratibu ninaouona kuwa wa lazima: kisa kipya kilikaa kwanza pembeni, na mwenye jukumu la kuandika visa alikikagua kabla hakijaingia kwenye hazina kuu. Kufuta nako kunataka uangalifu. Watafiti Barry Smyth na Mark Keane walionyesha mwaka 1995 kwamba kisa kinachotatua tatizo lisilotatuliwa na kingine chochote kikifutwa, uwezo huo wa mfumo hupotea, hata kama hazina bado imejaa visa. Kwa hiyo kufuta kwa kuangalia umri wa kisa peke yake ni hatari, ingawa ndilo jambo la kwanza linalomjia mtu anapoona mfumo umekuwa mzito.

Kwa taasisi yenye mtu mmoja wa Java na fundi mmoja ambaye ukaguzi wa visa umeandikwa katika majukumu yake ya kazi, naipendekeza myCBR bila kusita. Taasisi ambayo bado haijampata mkaguzi huyo ianze na eneo dogo, kwa mfano hitilafu za printa peke yake, ambalo fundi yeyote wa zamu anaweza kulipitia lote kila mwezi.